Mlango wa Uani

Raundi ya nne, ukumbi wa ushirika, Newala.
Juni. Ukungu umekataa kuondoka
na hewa ina ladha ya salfa:
bondeni watu wanapuliza mikorosho.
Meza ya saba. Mbele yangu Osmund Nanguka,
kijana wa Ndanda, kola imepigwa pasi,
kalamu mbili, moja ya akiba.
Mimi Somoe, karani wa mzani,
kucha zangu zina wino wa stakabadhi.

Mwamuzi akasema: haya, bonyezeni saa.

Sikumgusa askari wa mfalme.
Sikumgusa wa malkia.
Nilimsukuma yule wa tatu toka kushoto,
hatua mbili,
kama mtu anayesogeza kigoda jikoni.
Osmund aliniangalia usoni, si ubaoni.
Katikati kote nimemwachia!
Akapokea kama anayepokea sinia la pilau:
askari mmoja, wa pili, farasi nyuma yao,
vifua mbele.

Kwetu mgeni hubisha barazani.
Anayepita uani ni wa nyumbani,
anajua kuku wanalala wapi,
anajua chungu kipi kina ufa.
Ndivyo alivyonifunza shemeji Mtipa, fundi redio,
kwa ubao wa boksi na vizibo vya soda:
"Katikati ni sokoni, Somoe,
kila mtu anakuona. Zunguka."

Nikazunguka.
Kulia nikampandisha askari kidogo tu,
nikapata kijichumba,
nikamkalisha askofu humo, pembeni kabisa,
anyamaze, atazame ulalo mrefu
hadi kona ya pili, kwenye ngome ya Osmund
iliyokuwa bado haijaamka.
Mfalme nikamficha nyuma ya joho lake.

Hatua ya kumi na tisa, Osmund alikuna sikio.
Ya ishirini na tatu, farasi wake alihama
na ulalo ukafunguka.
Naapa nilisikia komeo likichomoka.
Ngome ikakimbia; askari iliyemwacha nyuma
nikamla kwa farasi.
Wa meza ya nane waliacha mchezo wao
wakaja kuchungulia.

Saa yangu dakika sita. Yake tatu.
Chai imepoa, imeshika utando.
Nikamwona askari mwingine mwisho wa ulalo,
peke yake, hana mlinzi,
mnono kama korosho ya daraja la kwanza.
Askofu wangu, aliyekaa hatua arobaini
bila kulalamika,
nikamtuma.
Akaenda. Akala.

Malkia wa Osmund akaingia
kwa mlango uleule.
Shaha.
Nikasogea.
Shaha.
Nikarudi.
Shaha, na vidole vyake vinatetemeka,
maana naye hakuwa na pengine pa kwenda.
Mara tatu ubao uleule. Mwamuzi akaandika: sare.

Osmund alinipa mkono uliolowa jasho.
"Dada, ule mwanzo wako unaitwaje?"
Nikamwambia sijui. Mtipa hakuwahi kuupa jina.
Nikapanda pikipiki kurudi Kitangari
na nusu pointi yangu.

Oktoba, kabla ya mnada wa kwanza.
Bibi Asumini Nambunga amepandisha gunia,
sindano ya mzani inacheza, inagoma kutulia.
"Andika, mwanangu, jua hili."
Nami nimeshika kalamu, nimeduwaa,
niko Newala, hatua ya arobaini na moja.
Yule wa tatu toka kushoto,
niliyeanza naye,
alikuwa bado hai. Hatua mbili
awe malkia, na njia nyeupe mbele yake.
Askofu angebaki tu nyumbani.
Nilimsahau mtoto niliyemtanguliza mwenyewe.

"Somoe! Ngapi?"

Sabini na nane, nikasema.
Na nusu.